Gunda, Betri na Umati wa Kwaluguru

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Chanika, Handeni.

Nimeanza shajara. Mtunzi mkubwa lazima awe nayo, la sivyo watu watabishana baadaye. Kazi yangu mpya inaitwa Gunda na Umeme, Namba Moja. Gunda, ile pembe waliyopuliza babu zetu Wazigua, nimeiingiza kwenye kompyuta, nikaipunguza mwendo, nikaigeuza nyuma mbele, nikaitia mwangwi. Hakuna mwingine Tanga nzima anayefanya hivi. Mke wangu Munira anasema kuna sababu.

Sasa jambo lenyewe. Tamasha la muziki mpya kule Korogwe limebakiza nafasi moja ya Handeni. Moja tu! Bi Ritha wa kamati atamsikiliza kila mwombaji mbele ya watu wake, na atawahesabu. Chini ya hamsini, kwaheri. Ndugu hawahesabiwi. Na nani mwingine kaomba? Erasto, mpiga kinanda wa harusi! Mtu wa Masuguru, Korogwe kwenyewe, anadai nafasi ya Handeni eti mama yake alizaliwa Chanika.

Miaka sita natafuta jukwaa. Munira ameapa kwamba safari hii nikikosa, spika zangu zinageuka meza ya vitumbua. Amekwisha kuzipima.

Jumanne, 2 Septemba

Majaribio mbele ya nyumba. Gunda nililipuliza mwenyewe. Wasikilizaji wanne. Mmoja alikuwa anasubiri simu yake ipate chaji. Wawili walikuja kuuliza mashine imeharibika nini, maana wanamjua fundi. Wa nne ni jirani, alitaka kujua ng'ombe wetu anaumwa wapi. Hatuna ng'ombe.

Nimegundua kosa. Muziki hauna kasoro, ila pumzi zangu ndizo fupi. Kesho naenda kwa mjomba.

Jumatano, 3 Septemba. Kwaluguru.

Mjomba Mdoe ndiye mpiga gunda wa kijiji, kama baba yake. Nikampa shikamoo mbili na kilo ya sukari. Akanipigia mwito wa mkutano: mrefu, wa kusinzia. Nikamwomba mwingine. Akasita, akanitazama sana, kisha akaupiga taratibu, chini chini, ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Lo! Milio saba! Sita ya haraka, wa saba unaning'inia. Kisasa kabisa! Nikarekodi. Mjomba akasema huo ni wa moto, na haupigwi kwa mchezo. Nikamtuliza kwamba naweka kumbukumbu tu kwa ajili ya wajukuu. Mzee wa watu hajui kwamba sauti ikishaingia kwenye kompyuta inakuwa sanaa, si mwito tena.

Ijumaa, 5 Septemba

Erasto kafanya onyesho lake leo, hapa hapa Chanika. Watu sitini na mmoja! Kaleta kwaya nzima na kuwaita wasikilizaji. Bi Ritha kaandika bila hata kuuliza. Nilipopita, Erasto akanipungia mkono kama mgeni rasmi. Nimeumia, sifichi. Sikula chakula cha mchana.

Zamu yangu ni kesho, Kwaluguru, kwenye ghala la mazao. Nimebandika matangazo kumi na mawili. Mbuzi wamekula tisa.

Jumamosi, 6 Septemba

USHINDI! Mikono inauma, kalamu haishikiki, lakini lazima niandike.

Saa nne asubuhi. Spika mbili juu ya paa la ghala, betri ya lori chini. Msikilizaji ni Bi Ritha peke yake, kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani. Wengine wote mashambani. Akatazama saa. Nikawasha, mwito wa mjomba ukatangulia kama ulivyo, nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, vumbi! Watu wanatoka kila upande, wanakimbia! Akina mama na ndoo, wanaume na majembe, wengine wameshika matawi mabichi. Maishani sijaona wapenzi wa muziki wenye kiu kiasi hicho. Nikaongeza sauti. Wakaongeza mbio.

Mwenyekiti wa kijiji, Semboja, akafika anahema, akaniuliza moto uko wapi. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba moto uko ndani ya muziki wenyewe. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Hapo ndipo mjomba akatokea, kiatu mguu mmoja, akang'oa waya wa betri. Watu wakaanza kutazamana, kisha wakanitazama mimi.

Semboja akaongea polepole.

"Gunda limelia na majembe yametoka. Hapa kwetu hayarudi makavu. Aliyeita atuonyeshe kazi."

Kumbe ndio utaratibu wao! Nikanyoosha mkono. Ukweli ni kwamba nilikuwa naonyesha pikipiki yangu, nijue umbali wa kukimbilia. Lakini nyuma ya pikipiki kulikuwa na lambo, limekauka, tope limejaa. Watu wakageuka kutazama. Mama mmoja akasema kweli, mvua za vuli ziko karibu na lambo halijachimbuliwa mwaka wa tatu. Basi, wote wakateremka.

Na unajua Semboja aliagiza nini? Nirudishe waya! Nikawasha tena. Milio sita wanachimba, wa saba wanapumua. Sita, wa saba! Vijana wakaanza kuitikia. Mimi nilipewa ndoo kubwa kuliko zote, nikabeba tope mpaka adhuhuri, na Bi Ritha akahesabu. Mia mbili na kumi na wawili! Kaandika kwamba hajawahi kuona wasikilizaji wanaoshiriki namna hiyo. Nafasi ni yangu, nami ndiye nitakayefunga tamasha!

Jumapili, 7 Septemba

Nimeitwa barazani kwa mjomba. Nimeapa mbele ya wazee kwamba sitaupiga tena mwito wowote wa gunda. Rekodi imefutwa, Semboja akishuhudia. Mjomba hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mpwa wangu, kabla hujatoa sauti, jiulize atakayeisikia atafanya nini."

Nikalia kidogo. Nikaahidi. Munira naye kaahirisha vitumbua.

Ijumaa, 12 Septemba. Korogwe.

Tamasha ni kesho. Erasto kapewa nafasi ya kwao Korogwe, anafungua, mimi nafunga. Uwanja utafurika: wageni wanakuja kwa mabasi kutoka Handeni, Lushoto na Muheza, na watarudi jioni hiyo hiyo.

Asubuhi nilikuwa bado na pengo. Mwito wa moto haupo, na mimi ni mtu wa kutimiza ahadi. Sasa mchana nimekaa mgahawani, pale mabasi ya safari ndefu yanaposimama ili abiria wapate kula. Ukumbi umejaa. Ghafla dereva mmoja akapiga honi: mara mbili fupi, moja ndefu. Wallahi, ukumbi mzima ulisimama kwa mpigo mmoja! Watu wakaacha chai, wakaacha chipsi, mzee akaacha fimbo, wote wakakimbilia basi. Sijasikia noti tatu zenye nguvu hiyo. Na si gunda, kwa hiyo kiapo kiko palepale.

Nimemfuata dereva, nimeirekodi, nimeitia mwangwi. Nimeiweka mwanzoni kabisa mwa kazi yangu, spika zote zikielekea kwa watu. Erasto naye nimemwekea kiti cha mbele. Nataka aone kwa macho yake uwanja mzima ukinyanyuka mara moja, noti ya tatu tu, kwa ajili yangu.