Kondoo wa Kamati

Kwanza niliona nyasi. Kwenye picha aliyoinua Bwana Ekeno, mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Kuteua Mbegu ya Kondoo kwa Wafugaji Chipukizi, kondoo wa sufu alisimama kwenye nyasi za kumfikia magotini.

“Leo Lodwar inaingia katika historia ya sufu,” alitangaza. Tukapiga makofi. Kulikuwa na afisa wa kutuonyesha wakati wa kupiga.

Chipukizi tulikuwa wanawake kumi, kila mmoja apewe kondoo watano wa kuanzia. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yetu, ndiyo maana tukaitwa chipukizi. Mimi nilitoka Kakuma na haja moja. Dada yangu Namuria alikuwa na mimba ya miezi minane, na kwetu mama aliyejifungua hupewa mafuta ya mkia wa kondoo. Nilitaka kondoo wetu, mwenye kichwa cheusi na mkia mnono.

Mama Awoi, jirani yetu, ndiye aliyeuliza. “Mheshimiwa, huyu wa picha mkia wake uko wapi?”

“Mama, mkia haukuwa miongoni mwa vigezo.”

“Na mafuta?”

“Mafuta yana kamati yake.” Akanigeukia. “Wewe msichana, una maoni?”

Nilitazama chini. Kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba vijana wameunga mkono.

Kondoo hamsini wa sufu walishushwa kwenye lori saa sita mchana. Kufikia saa saba wote walikuwa wamelala, ndimi nje. Mtaalamu wa Kamati alishauri wawekwe penye ubaridi. Jengo lenye kiyoyozi lilikuwa moja tu, la Kamati. Kondoo wakaingia, Kamati ikatoka, ikaketi chini ya turubai. Mimi niliteuliwa Mratibu wa Malazi, yaani wa kuzoa mavi.

Siku ya kwanza mwenyekiti alivua koti. Siku ya pili, tai. Siku ya tatu alivua viatu, na katibu akaandika kwamba kikao kiliendelea kwa unyenyekevu.

Mzee mmoja alikuja kutafuta mhuri. “Ejok,” alisalimu. “Mkubwa yuko ndani?”

“Ndani kuna kondoo,” mlinzi Esekon alimjibu.

“Basi nipeleke kwa kondoo. Labda huyo atanisikiliza.”

Wiki ya pili mwenyekiti aligonga mlango, midomo imepasuka. “Dada, fungua kidogo. Niingize uso tu.”

“Mtaalamu amekataza, mheshimiwa. Watu wanaleta joto.”

Jioni hiyo Kamati ilipitisha azimio. Kwa kuwa awamu ya kwanza imefanikiwa kupita matarajio, kondoo wa sufu wapelekwe nyanda za baridi, na chipukizi wajichagulie wenyewe sokoni kwa fedha za Kamati.

Sokoni Kakuma, mfanyabiashara Abdimajid alinisogezea kundi lake. “Shika mkia, dada. Macho yanadanganya.” Nilishika mikia mingi, nikachagua mitano. Namuria alijifungua siku nne baadaye, na mafuta yalikuwepo.

Kuna jambo sikumwambia mtaalamu, wala Mama Awoi. Kondoo wa sufu hunyolewa. Siku ya pili nilichukua mkasi kwenye droo ya mwenyekiti, nikamnyoa mmoja, nikamtoa nyuma ya jengo juani. Alisimama, akala vizuri. Kamati ingemwona, tungepewa hao hao wasio na mkia. Nikamrudisha ndani upesi, nikamficha nyuma ya kabati la mafaili mpaka lori lilipokuja.