Ombi la Kufungua Shule Mapema Kabla Binti Yangu Hajatumaliza

Kwa Mwalimu Mkuu,

YAH: MAANDALIZI YA BINTI YANGU KURUDI SHULE, AMBAYO YAMEPITILIZA

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wako wote. Sisi huku wazima, ila tumepangwa mstari.

Mimi ni baba wa yule binti wa darasa la tatu mwenye usonji, tunayemwita Chiriku ingawa maneno yake ya siku nzima hayajazi kiganja. Utamkumbuka. Muhula uliopita kengele ililia karibu na dirisha lake, wenzake wakatoka mbio wakisukumana, naye akaingia chini ya dawati akaziba masikio. Nilipokuja kumchukua aliung'ang'ania mguu wa dawati, mpaka nikalala sakafuni pembeni yake. Baada ya hapo akawa akiona sare tu anatapika. Akabaki nyumbani, na likizo ikamkuta huko huko.

Nawashukuru kwa kuihamisha kengele. Namshukuru pia mwalimu wenu wa elimu maalumu, aliyekuja kwetu na kadi za picha akatuambia, "Mzoesheni ratiba ya shule hapa hapa nyumbani, taratibu. Na ninyi muifuate, ili aone ni jambo la kawaida."

Tukaifuata. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Kadi ya foleni. Chiriku akiiinua, tunapanga mstari kwenda bafuni, mfupi mbele, mrefu nyuma. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili na sasa anaingia mwaka wa tatu, ndiye mrefu kuliko sote. Maji yanamwishia kila siku. Ameanza kutembea amekunja magoti.

2. Kadi ya mdomo uliofungwa. Mama mkwe alikuwa katikati ya habari za jirani. Kadi ikainuliwa, akanyamaza. Tangu nioe sijawahi kushuhudia jambo hilo. Kwa haki, hili si lalamiko. Nimeliandika ili liingie kwenye kumbukumbu.

3. Karakana yangu. Natengeneza redio na pasi barazani. Dereva mmoja wa lori alikuja akifoka kwamba redio yake nimemrudishia ikiwa inashika stesheni moja tu. Chiriku akamwonyesha kadi ya "subiri zamu yako". Akaketi. Akamwonyesha "vuta pumzi". Akavuta. Zamu yake ilipofika, akasema kwa sauti ya chini kwamba kusema kweli stesheni yenyewe anaipenda. Habari zikaenea. Sasa wanakuja watu wasio na redio wala pasi, wanakaa kwenye benchi langu kusubiri kuonyeshwa la kufanya, kisha wanaondoka wamepumzika bila kuniachia kazi hata moja.

4. Mwenyekiti wa mtaa. Alisikia kwetu watu wanasikilizana, akaleta mkutano uani. Chiriku akainua "anaongea mtu mmoja", na baadaye "tumemaliza". Mkutano ukaisha kabla chai haijapoa. Suala la mtaro, linalojadiliwa tangu mwenyekiti ana nywele, likapitishwa. Watu wakapiga makofi, wakakumbuka kwamba Chiriku hayapendi, wakaomba radhi, wakapunga mikono. Mwenyekiti ameingia huzuni. Anasema hana tena cha kuahidi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Nyuma ya kabati tulimtengenezea Chiriku kona ya utulivu, mkeka, mto na shuka la kuzuia mwanga, apumzike kelele zikimzidi. Juzi nilimkuta amesimama nje ya shuka, kiganja kimoja sikioni, kingine kimeshika kadi ya zamu, anasubiri kwa adabu kabisa. Ndani alikuwamo shemeji. Nikamvuta miguu. Akasema, "Shemeji, niache kidogo. Na mimi dunia inanipigia kelele." Nilimwingiza mtoto, sisi wakubwa tukabaki nje tukitazamana, tumepanga mstari wa kusubiri zamu ya kona, nami nilikuwa nimemtangulia mwenyekiti, aliyekuja na huzuni yake.

6. Mke wangu amechukua kadi ya "maliza ulichoanza" akaibandika kwenye mlango wa choo, ambao niliuanza. Sina la kuongeza.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, naomba shule ifunguliwe kesho bila kungoja tarehe. Hilo likishindikana, tuandikishwe familia nzima: shemeji aanze chekechea, mama mkwe apewe darasa lenye walimu wawili, na wateja waje na benchi lao. Hilo nalo likiwa gumu, mwalimu aje azichukue kadi zake, tuyarudie maisha yetu ya kupigiana kelele tuliyoyazoea.

Nisalimie walimu, mpishi, mlinzi wa geti, na mwalimu wa hesabu, umwambie pasi yake iko tayari.

Wako, aliyevuta pumzi kabla ya kuandika,
Baba Chiriku, fundi redio

N.B. Kabla sijaileta barua hii mmefungua shule. Leo asubuhi nimemleta mwenyewe. Ametundika begi, amevaa vifuniko vya masikio alivyopewa na mwalimu wa kadi, akaketi. Nilisimama dirishani nikiwa tayari kulala sakafuni tena. Kengele ikalia kule mbali. Akainua kichwa, akasikiliza, akaendelea kupaka rangi. Hakunitafuta kwa macho. Nilikaa getini mpaka mlinzi akaniuliza, "Mzee, umesahau kitu?" Nikasema hapana. Akaniletea kiti.

Nyumbani mambo si mazuri. Mama mkwe ameanza habari za jirani na hakuna wa kumsimamisha, naye mwenyewe anaonekana kuchoka. Shemeji ameoga kwa maji tele akasema hayana ladha. Tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu. Ombi langu sasa ni kwamba shule ifungwe tena, hata kwa wiki moja tu, kwa kuwa mtoto alikuwa tayari na wazazi hatukuandaliwa.