Ana kwa Ana na Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Provia, naanza na wewe kwa sababu wewe ndiye utakayesoma. Tangu Krismasi hujakanyaga hapa. Kati ya Tororo na Busia kuna bahari gani? Ukipiga simu unauliza kuku wanaendeleaje, kana kwamba kuku ndio waliokuzaa. Darasani sikuingia, herufi nimefundishwa kanisani nikiwa na wajukuu tayari, na bado naandika. Wewe uliyesoma huandiki hata salamu. Sasa ona matunda ya ukimya wako.

Asubuhi nimepika chai ya kampuni kama kawaida. Bosi wetu, Mzee Obore, akaita watu wote uani, kati ya trela mbili. Akasema kampuni yake inatoa mizigo forodhani lakini haiwezi kutoa neno mdomoni. Watu hawasemezani. Juliet wa karatasi za forodha anamtumia ujumbe wa simu mtu aliyekaa naye meza moja. Lori la mchele limelala mpakani wiki nzima, kila mmoja akidhani mwenzake ameshasema. Kwa hiyo ameleta afisa wa wafanyakazi, msomi, kutoka Tororo.

Nikatoka jikoni na birika. Msomi akageuka. Okia. Mume wako.

Sijawahi kumtazama usoni tangu akuoe, na yeye vilevile. Adabu ya mkwe ni hiyo. Lakini lile paji la uso nalijua, watoto wako wote wamepewa. Nikajifunika leso, nikarudi kinyumenyume mpaka nikakalia gunia la mkaa. Yeye akazama nyuma ya tairi la trela. Watu wakadhani nyoka. Wanjala, askari wa geti, akaja na rungu akiuliza yuko wapi.

Hotuba ya afisa ikamalizikia nyuma ya tairi. Kila mfanyakazi atakaa na afisa ana kwa ana, macho kwa macho, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Asiyekaa, mkataba wake haufanywi upya. Obore akapiga makofi, akasema hakuna wa kusamehewa, hata mpishi.

Mkwe na mkwe, chumba kimoja, macho kwa macho. Afadhali nimeze kaa la moto. Lakini jiko hili nikilipoteza, nitakaa nyumbani nizungumze na nani? Kuku wako?

Jumanne, 4 Machi

Ofisi nzima ilijua habari ya ukwe wetu kabla chai haijapoa. Juliet ameniletea pole. Obore peke yake hana huruma. Moyo wa jiwe, mtu yule.

Nimepata njia. Mjumbe! Wakwe wamepitishiana maneno kwa mjumbe tangu zamani. Nikamchagua Wanjala. Kila asubuhi anavuka kutoka Busia ya Kenya, na mdomo wake unavuka kabla yake. Okia naye akakubali haraka, nilimsikia akishusha pumzi nyuma ya mlango.

Swali likaja: Mama ana shida gani kazini? Nikajibu kuni ni mbichi, na watu wanaacha vikombe kila mahali. Wanjala akaenda. Akarudi anapiga mluzi.

Mchana Obore kaingia jikoni. Anauliza mpishi anataka viatu vya gambuti vya nini. Na tochi. Na kiti chenye mgongo. Na kwa nini mpishi anaomba geti lifungwe mapema siku za mpira.

Nikamwita Wanjala. Hana hata haya. "Nyanya, si ulisema nipeleke shida? Nimepeleka zote safari moja, miguu nayo ichoke bure?"

Obore amesema mambo ya mjumbe hayahesabiki. Ana kwa ana ni ana kwa ana.

Jumatano, 5 Machi

Akili mpya. Shuka!

Nimeleta ile ya maua uliyonipa. Juliet kaifunga katikati ya ofisi ya Okia, upande mmoja dirishani, upande mwingine kwenye msumari wa kalenda. Nikakaa nimetazama ukuta, kwa usalama zaidi. Okia akaanza na sauti ya mtoto wa kipaimara. Mama anajisikiaje katika familia yetu ya kazi? Nikamwambia familia ya kazi siijui, ile nyingine tuliyonayo imetutosha. Akakohoa. Tukaendelea vizuri. Nikasema habari ya kuni, akaandika. Nikaanza kufurahi.

Jasho likamshinda, akawasha feni.

Shuka ikajaa upepo, msumari ukang'oka, yote ikamwangukia yeye kichwani. Sijui alidhani ni mimi nimemkumbatia. Alitoka dirishani nayo. Madereva uani wakaona maua yanakimbia. Mimi nilikuwa tayari chini ya meza.

Obore akaingia, akanikuta hapo. Amefikiri nimemfukuza afisa wake. Akasema nina mpaka Ijumaa adhuhuri, baada ya hapo yule mama wa hoteli ya jirani ataleta chai kwa flaski. Chai ya flaski, Provia! Ile inanuka kizibo.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu akishiba husamehe. Huo ndio mpango wa leo.

Ulikuwa unauliza kuku wanaendeleaje. Yule jogoo mwekundu haendelei tena. Nimempika kwa karanga, mchuzi mzito, na ugali wa wimbi laini kabisa. Nikampelekea Obore mezani kwa mikono miwili, nimepiga magoti.

Akatazama sahani. Akafumba macho. Kumbe jana ilikuwa Jumatano ya Majivu, naye ameahidi kutoonja nyama mpaka Pasaka. Sisi walokole hatupaki majivu, mimi ningekumbukaje? Harufu ya karanga imejaa ofisi nzima. Akaniuliza polepole kama nimetumwa na Shetani au nimejituma.

Wanjala amemla jogoo. Anasema ni dhambi kutupa chakula. Shingo amefunga kwenye karatasi akavuka nayo mpaka.

Nimekaa jikoni nikitazama mafiga yangu. Hapa madereva wameniambia habari za wake zao, hapa Juliet alilia mama yake alipofariki, nikamlisha uji kwa kijiko. Flaski itamlisha nani?

Ijumaa, 7 Machi

Obore kaita watu wote uani. Getini mama wa hoteli amesimama na flaski zake mbili. Okia yuko nyuma ya pipa la maji, kiatu kimoja kinaonekana.

Obore akasema, Mama Provia, nimekula mkononi mwako miaka mingi, sitaki kukufukuza. Huyu kijana amekukosea nini?

Nilichoka. Mipango imeisha. Nikasema ndani ya leso, "Hajanikosea. Amemuoa binti yangu."

Dereva mmoja akazima injini ya lori asikie vizuri.

Obore akamgeukia Juliet. Ulijua? Juliet akatazama viatu. Wanjala je? Alijua. Dereva aliyefika asubuhi ile ile kutoka Malaba? Alijua. Mama wa flaski akanyoosha mkono bila kuulizwa, akasema yeye alijua tangu Jumanne. Obore akauliza ni nani basi hapa asiyejua, na watu wote wakamtazama yeye.

Mzee akakalia tairi. Nikangoja ngurumo. Akaanza kucheka mpaka akafuta machozi. Akasema mwaka ule alipolazwa hospitali, mama mkwe wake alikuja kumwona, naye akaingia uvunguni na dripu mkononi, manesi wakamtafuta wodi nzima. Mngeniambia tu, akasema. Mbona hamkuniambia?

Tukaketi mimi na yeye, ana kwa ana, afisa akiwa mbali. Akaniuliza kuna lolote gumu kazini. Nikasema hakuna, mzee, kila kitu kizuri. Mkataba umefanywa upya. Mama wa hoteli karudi na flaski zake, nimempa chai yangu, amekiri inashinda ya flaski.

Mabega yangu yameshuka kama mtu aliyetua mtungi. Juliet ananiambia Okia alikuwa tayari kuacha kazi yeye, kuliko nipoteze jiko mimi. Ana adabu, kijana yule. Ulichagua vizuri, ingawa siku ile nilinuna.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake, lakini malori hayana sikukuu. Obore ametoa amri mpya. Mwenye neno alipeleke mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa anayehusika. Amri nzuri sana. Nimezunguka na birika nikiwahimiza wote waifuate, Wanjala nimemhimiza mara mbili.

Usiku mvua imenyesha. Paa la jiko linavuja maji ya masizi, juu kabisa ya sufuria ya chai. Leo wamekunywa masizi na hakuna aliyesema.

Sasa mimi nitamwambiaje Obore, na jana nimesema kila kitu kizuri? Aibu. Kwa hiyo Provia, daftari hili Juliet atampa mumeo akuletee, na ukija Jumapili, njoo na watoto wote, na usikae kitako kama mgeni. Mwambie mumeo amwambie Juliet, Juliet amwambie Obore kwamba paa linavuja. Waseme wamesikia kwa watu. Jina langu lisitajwe.