Shuka Juu, Sweta Tumboni

Pickup ya Hamid ilikuwa imelala kwenye gereji ya Jerop mjini Kitale tangu pampu ya dizeli ilipogoma. Na Hamid bila pickup alikuwa domo tupu, maana mtu akishauza uongo Bungoma lazima awe na kitu cha kumfikisha Sirisia kabla haujagundulika. Basi siku moja akaja kubembeleza apewe gari, malipo baadaye. Akamkuta Jerop, mama fundi mwenyewe, amekasirikia taulo.

"Ona hii takataka," Jerop akasema. "Inaacha manyoya kila mahali. Uzi moja tu ikiingia kwa pampu, nozeli zinaziba, mteja anarudi kunitusi. Mimi nataka shuka za pamba, zile zimefuliwa mpaka zikachoka. Nailoni hainyonyi mafuta. Na sweta, hiyo ndio balaa kabisa."

Hamid alikuwa amekuja kuomba. Papo hapo akasahau kuomba. Shida ya mtu ikimfikia masikioni, ulimi wake haukungoja ruhusa.

"Fundi, si ungesema mapema? Niko na robota nzima ya shuka za bweni. Chukua robota, nipe pickup, tusidaiane."

"Kama ni shuka kweli, pickup ni yako."

Siku ya soko Hamid akaenda Chwele kwa Zuena, muuza mitumba, akachagua shuka chache safi na rundo la sweta zilizokosa mnunuzi kwa sababu ya joto. Zuena akamuuliza kama anafuga kondoo. Hamid akatabasamu, akapanga shuka juu, chini na ubavuni, sweta akazishindilia katikati, akakaza kamba. Aliitegemea sheria ya mitumba: robota halifunguliwi kabla ya kulipiwa, unanunua bahati yako. Sheria hiyo wafanyabiashara wa Chwele waliiheshimu kuliko ile rasimu ya katiba iliyokuwa ikigombaniwa nchi nzima.

Kule Kitale, Jerop akachomoa shuka ya juu, akasugua kioo cha lori, akakitazama kwa jua. Hata unyoya mmoja haukuonekana.

"Hii sasa ni tambara," akasema. "Enda kwa hoteli hapo ng'ambo unywe chai, nikumalizie gari. Waambie ni mimi nalipa."

Hamid akanywa chai kwa mandazi, akijihurumia kidogo kwa kuzaliwa na akili nyingi hivyo. Aliporudi, akakuta pampu mezani, imefunguliwa vipande vipande.

"Imebaki kufunga pampu tu," Jerop akasema. "Wacha nitumie matambara yako." Mkono wake ukaelekea katikati ya robota.

Hamid akapiga hesabu haraka. Akinyamaza, gari litazimika njiani kabla hata ya kufika Kiminini. Akisema, gari hatalipata kabisa.

"Si utumie ya juu, fundi?"

"Ya juu naweka ya kazi kubwa."

"Basi shika hii." Akatoa hanchifu. Jerop akafuta vipande viwili, ikalowa. Mkono ukarudi kwa robota. Hamid akavua shati, shati la pamba lililoona Idi nyingi. Nalo likaisha kwa mafuta. Akavua fulana. Kufikia hapo wakulima walioleta matrekta yao walikuwa wamesogea karibu, na hakuna aliyejifanya ana shughuli nyingine.

"Bado kidogo," Jerop akasema, akaitazama suruali.

"Hapana, mama," Hamid akasema, aibu imemjaa mpaka shingoni. "Ndani ni sweta."

"Najua." Jerop hakuinua hata uso. "Nyinyi mnanunua mitumba, sisi hapa tunanunua mahindi. Gunia tunadunga na chuma mpaka katikati, tuone ile imefichwa. Ulienda chai, nikadunga robota yako na spoku ya baiskeli. Ikatoka na sufu ya pinki."

"Na pampu yangu?"

"Iko ndani ya pickup tangu asubuhi. Hii ni ya trekta ilikufa kitambo. Ukileta shuka za ukweli, utachukua gari."

Kicheko kikatikisa mabati ya gereji. Mvua nayo ikaanza, na baridi ya Mlima Elgon ikateremka pamoja nayo. Mzee Kipketer, mkulima wa huko juu mlimani, akaliinamia robota na kupapasa sweta.

"Hizi unauza?" akamuuliza Jerop.

"Nauza. Ni fidia ya kusumbuliwa."

Wakulima wakajipanga. Hamid, kifua wazi, meno yakigongana, akanyoosha mkono apate hata ile ya pinki.

"Wewe pia panga laini," Jerop akasema.

Akaenda kusimama nyuma ya wote.