Nilivyougua kwa Makusudi ili Demetria na Mwanawe Waongee

Jumatatu, 12 Mei

Binti yangu Demetria katoka semina ya wazazi shuleni kwa mwanawe Gladness. Somo: mzazi wa kijana na stresi. Kafundishwa avute pumzi, na mtoto akiongea asimkatize. Nimecheka! Mie nimelea watoto sita na sijavuta pumzi hata siku moja.

Lakini ishu nzito. Matokeo ya hisabati ya mjukuu wangu yalipokuja, Demetria alipiga kelele mpaka jirani akazima redio asikie vizuri. Toka siku hiyo Gladness jibu lake moja: "Sawa." Kidato cha tatu, mrefu kama mnazi, neno moja. Sasa mama mtu katangaza: hali ikiwa hivi hadi Jumapili, anampigia dada yake Songea, mtoto ahamie huko.

Songea! Na gazeti la mpira nani atanisomea? Kuandika naandika. Maandishi madogo ndo macho hayataki.

Nimejitwika mzigo huu. Mbagala yote hakuna mpatanishi kama mie. Nilipokuwaga kijana kwetu Peramiho nilipatanisha chui na mbuzi. Mbuzi ndo alikuwa na makosa.

Jumanne, 13 Mei

Demetria alikuwa anapepea jiko la mkaa, kanuna. Nikamkumbusha semina: vuta pumzi. Kavuta. Moshi wote ukaingia. Kakohoa mpaka cherehani ikalala mchana kutwa, na magauni ya wateja nayo. Kasema stresi yake ya kwanza ni mie, Gladness ni ya pili.

Angalau mie wa kwanza.

Jumatano, 14 Mei

Leo akili tupu! Nimemwambia Gladness kwa siri kwamba mama yake jioni anamwomba msamaha. Demetria nikamwambia vilevile, ila mwombaji ni Gladness.

Jioni wamekaa mkekani. Huyu anamtazama yule, yule anamtazama huyu. Wali ukapoa. Mwisho Demetria kauliza kama kuna mtu ana neno. Gladness kajibu alidhani mwenye neno ni mama. Kisha wote wawili wakanigeukia mie.

Nikakumbuka kuna mtu ananingoja msikitini. Mie Mkatoliki.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeugua. Kwa makusudi! Nani atagombana mbele ya mzee anayekata roho?

Hawa. Demetria kataka nipewe uji, Gladness kataka nipelekwe hospitali. Gladness kaacha "sawa" yake, kapata maneno marefu: eti mama hasikilizi mtu hata babu akifa. Demetria pumzi kaisahau. Nikakoroma kidogo kuwakumbusha mgonjwa ni mie. Hakuna aliyegeuka.

Jumamosi, 17 Mei

Kilichoniponza ni utani. Mie Mngoni, na Mngoni akiugua Mmatumbi anajua kabla ya daktari. Asubuhi kaingia Mwishehe, mtani wangu wa nyumba ya tatu, na wenzie wawili. Watani kwenye ugonjwa na msiba hawafukuzwi, ndo haki yao.

Kavaa koti langu, kachukua fimbo yangu, katembea uani kama mie, kifua mbele, mguu wa kushoto unachechemea. Majirani hoi. Kanipima kwa kamba. Kamwagiza Demetria kaburi lichimbwe mbali na mazizi ya watu, maana Wangoni huiba ng'ombe hata wakiwa wamekufa. Kadai jogoo wa kufutia machozi. Mie nimevumilia kishujaa, macho nimefumba.

Ndo akasimama mlangoni, kaanza hotuba.

"Jamani, marehemu alikuwa mtu wa watu. Bao tu ndo hakujaliwa. Miaka yote hakuwahi kunifunga hata mara moja."

Mwongo! Nilikuja kujikuta nimesimama katikati ya ua, shuka shingoni, nataja michezo yote niliyomfunga, na mashahidi wake.



Demetria kamtazama Gladness. Gladness kamtazama Demetria. Wakaanza kucheka. Wakaegemeana, wakacheka tena. Kisha supu yangu ya mgonjwa wakampa Mwishehe.

Mchana walikuwa jikoni wananisema. Sikuwasikiliza. Nilikuwa tu nyuma ya pazia. Wakachoka kunisema. Gladness kaongea taratibu.

"Mama, hisabati sielewi toka mwaka jana. Niliogopa kukwambia."

Demetria hakumkatiza. Kangoja mpaka mtoto kamaliza, na alikuwa na mengi.

"Mie nikiogopa napiga kelele, mwanangu," kasema. "Na siku hizi naogopa kila siku."

Kisha wakavuta pazia. Nikasema natafuta fimbo yangu. Kweli, Mwishehe kaondoka nayo.

Jumapili, 18 Mei

Songea hakuna aliyepigiwa simu. Gladness anaanza tuisheni, na mama kaahidi atakuwa anakaa naye akifanya hesabu, kimya, anashona. Kutoka kanisani wameshikana mikono, mie nyuma kama kapu.

Gladness kanisomea gazeti. Timu yangu imefungwa, kasoma mara mbili. Kisha wote wawili wamenionya: mambo ya wazazi na watoto wao nisiyaguse tena. Ndo shukrani hiyo! Kawapatanisha nani? Na Mwishehe naye anazunguka mtaani anasema ni yeye.

Jioni kapita Elibariki, karani anayekaa nyumba ya geti jekundu, Mchaga. Analalamika mwanawe kajifungia chumbani, hamsemeshi. Nimemwambia aniachie mie. Ila nimeuliza kwanza, mie si mtu wa kukurupuka: watani wao Wapare, na mtaa huu hauna Mpare hata mmoja wa kuja kuniumbua.

Kwetu mpango ulikuwa sahihi, ugonjwa ndo ulikuwa mdogo. Kuugua ni kwa wanaojifunza. Jumatano nakufa kabisa, sebuleni kwa Elibariki. Kochi lake nimeshalijaribu.