Siri ya Daraja na Msumari Mmoja Ukutani

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekwenda Nyumba ya Nyaraka. Serikali imefungua makaratasi ya siri ya vita, yaliyofungiwa miaka hamsini, na Binti wa Nyaraka, yule mwembamba mwenye miwani, anawatafuta walioshuhudia kwa macho. Picha zao zitatundikwa. Kuna ukuta wa wapiganaji, ukuta wa wauguzi, na ukuta mmoja mzuri karibu na mlango: Waliotunza Siri. Umebaki msumari mmoja. Huo ni wangu!

Nikamweleza. Wakati wa vita nilikuwa mfua nguo kambini. Shule sikuuona hata mlango wake. Herufi nilizijulia kwenye kola za mashati, kila askari na jina lake la wino. Siku moja Luteni akaniletea shati, akaninong'oneza kwamba jeshi litavuka mto kwenye daraja la juu, nisimwambie mtu. Sikumwambia! Vita vikaisha, siri imo tumboni. Wanangu wamekua na habari hiyo, wapende wasipende.

Binti akaandika yote. Akasema vizuri sana, bibi, lakini hapa neno la mdomo haliendi ukutani mpaka lilinganishwe na karatasi. Nikamwambia alinganishe tu. Karatasi itajua nini nisichokijua mimi?

Langoni nikapishana na wifi yangu, mjane wa kaka yangu, mshonaji. Naye anautaka ukuta uleule! Eti alishona ramani ndani ya bitana ya koti. Ramani! Huyu ambaye mpaka leo akitoka sokoni anauliza njia.

Jumanne, 4 Juni

Mpango. Alfajiri nimekwenda kwa wifi na uso wa msiba. Nikamwambia Nyumba ya Nyaraka imefungwa, bomba limepasuka, maji mpaka magotini. Asihangaike kwenda wiki hii. Akasikitika mno. Akanipa ndizi.

Saa nne nimefika kuulizia karatasi yangu. Nani kakaa kwenye kiti cha wageni, kile chenye mto laini? Wifi! Anakunywa chai, kikombe na kisahani chake. Amekuja na ndoo na tambara, eti kusaidia kukausha maji. Binti anamsifu, anasema watu wenye moyo kama huo hawapatikani siku hizi. Halafu akanigeukia akaniuliza, maji gani, bibi?

Nikaitazama dari.

Ndizi zenyewe zilikuwa mbichi.

Alhamisi, 6 Juni

Karatasi bado. Binti anasema masanduku ni mengi, nisubiri mwezi. Mwezi! Wifi tayari ameleta koti lake.

Mpango mwingine. Nimejilaza kwenye benchi la mapokezi, mkono kifuani, nikasema kwa sauti ya kukatika kwamba moyo wangu unasimama simama, na ningependa kuisikia karatasi yangu kabla sijaenda. Ilikuwa inakwenda vizuri. Bawabu alishavua kofia. Ndipo wifi akaropoka, mbele za watu, akiuliza moyo wangu umehamia upande wa kulia tangu lini.

Akaletwa muuguzi wa zahanati ya jirani. Akapima huku, akapima kule, akasema bibi huyu atatuzika sote.

Lakini Binti ana huruma. Akasema atalitafuta sanduku langu leo leo. Nikamtazama vizuri, nikagundua mtoto hajala tangu asubuhi. Nikatoa mayai yangu ya kuchemsha, nikamsimamia mpaka akamaliza yote mawili. Akasema ameshiba baada ya la kwanza. Nikamwambia mifupa haisomi nyaraka, meza!

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Kalamu yenyewe haitaki kuandika.

Binti aliipata karatasi. Uso wake haukuwa na raha. Akaniomba tuingie chumba cha nyuma, anisomee peke yangu. Nikakataa katakata. Miaka yote hii nimengoja, leo nisomewe mafichoni kama mwizi? Nikamwita wifi. Nikamwita bawabu. Nikawaita wanafunzi wawili waliokuwa wanasoma zao kimya. Binti akanisihi, bibi, tafadhali. Nikamwambia soma!

Akasoma. Maneno ya Luteni kwa mkubwa wake: "Mfua nguo hawezi kunyamaza. Aambiwe kwamba tutavuka daraja la juu, kisha aapishwe asimwambie mtu."

Karatasi ya pili, ya kesho yake: "Imefanikiwa. Habari imefika sokoni kabla nguo hazijakauka."

Karatasi ya tatu: adui amehamishia bunduki zake zote daraja la juu. Watu wetu wamevuka daraja la chini, hakuna risasi hata moja.

Bawabu akakohoa ndani ya kofia. Wale wanafunzi wakainamia vitabu, mabega yanatikisika.

Nikasema Luteni ni mwongo, na kola zake ndizo zilikuwa chafu kuliko zote kambini. Mimi sikumwambia mtu! Nilimwambia wifi, na wifi si mtu, ni ndugu. Macho yote yakamgeukia wifi. Wifi akasema na yeye hakumwambia mtu, ila wateja.

Nimerudi nyumbani bila mwavuli wangu.

Jumapili, 9 Juni

Sikutoka nje siku mbili. Jioni wifi akabisha hodi. Nikamjibu kwamba sipo. Akazunguka, akapitia jikoni.

Nikajua amekuja kunicheka. Nikajiandalia matusi mawili matatu, mazuri. Akakaa mkekani, akaanza kulia.

Akasema kaka yangu alikuwa mstari wa mbele daraja la chini. Maisha yake yote alikuwa akijiuliza kwa nini siku ile hawakupigwa. Amekufa mzee, kitandani mwake, akigombana na daktari juu ya chumvi. Akasema mdomo wangu ndio uliomrudishia mume, na watoto watano amewazaa baada ya daraja lile. Angekuja tangu juzi, ila kila akianza kuvaa viatu machozi yanamtoka.

Nikamwambia aache kuniloweshea mkeka. Kisha nikaulowesha mimi. Kaka yangu! Na mimi nilikuwa nimekaa nanuna kwa ajili ya msumari.

Nikamfuta uso kwa pindo la gauni langu. Akasema amekwisha kumwambia Binti kwamba msumari ni wangu. Nikasema sitaki, auchukue yeye na ramani yake. Akasema hataki. Nikamwita king'ang'anizi, akaniita kichwa kigumu. Tukagombana mpaka giza likaingia, roho nyeupe kabisa. Muda mrefu sijapata raha namna ile.

Jumatano, 12 Juni

Tumetundikwa! Picha moja, mimi na yeye, kwenye ukuta mpya: Waliompoteza Adui Njia. Wifi amefumba macho pichani, mimi nimetoka vizuri. Nikamwambia Binti aongeze chini, kwa herufi ndogo tu, kwamba mfua nguo alitunza siri. Akacheka mpaka akavua miwani.

Baadaye akawa analalamika. Uzinduzi ni Jumamosi, amepanga viti sitini, na walioahidi kuja hawajazi hata mstari mmoja. Halafu akaweka kalamu chini. Akanitazama. Akafunga mlango, akavuta pazia, akaninong'oneza: Luteni yu hai! Atakuja Jumamosi na fimbo yake, kunishukuru mbele ya watu. Akanishika mikono yote miwili, akaniapisha nisimwambie mtu hata mmoja.

Kati ya watu wote, kanichagua mimi! Binti yule anajua kumpima mtu.

Nimetunza. Wifi sijamwambia hata neno. Muuza mkaa nimemwambia, lakini yule ni kiziwi, hahesabiwi. Ilibidi tu nipaze sauti kidogo, maana tulikuwa bombani na foleni ya maji ilikuwa ndefu.