Mdomo-Mamba Aliyenivuta Hadharani

Jumatatu, 12 Mei
Matusi tena kwenye kaunta ya leseni! Dusty Crain, muuza matairi, amekuja kukata leseni ya kuvua kwa upinde. Ameniuliza mbele ya foleni nzima kama nimewahi kulowa hata soksi. "Unauza ruhusa ya mto usioujua, bwana mdogo!" Kicheko. Nimemkumbusha kwa heshima kwamba samaki mdomo-mamba haguswi sasa, anataga mayai. Amejibu kwamba hilo alilijua kabla mimi sijazaliwa.

Nimenunua upinde. Jumamosi kuna mashindano ya kuvua kwa upinde, nami nitaingia. Atanitambua!

Jumatano, 14 Mei
Bi Verlene, mkuu wangu, ameniita. Bado niko kwenye majaribio ya kazi. Amesema karani wake akivunja sheria ya mto, kiti chake kitapata mtu mwingine. Mbona ananiambia mimi? Mimi ninayelala na kijitabu cha kanuni kitandani! Sijapata usingizi.

Alhamisi, 15 Mei
Jimbo zima la Arkansas linashauri: lenga chini ya samaki, maji hudanganya macho. Chini kiasi gani? "Utazoea." Ujinga mtupu! Nimepiga hesabu za pembe mwenyewe, kisha nikajaribu kwa kulenga karoti ndani ya beseni la kuogea. Beseni limetoboka. Mama mwenye nyumba amefoka sana. Karoti nayo ilitoboka, ila hilo hakutaka kuliona.

Jumamosi, 17 Mei
Aibu! Na si kosa langu!

Shamba la mpunga lililofurika kando ya mto, maji ya matope, mimi peke yangu kwenye boti. Nikamwona samaki nyati, huyu anaruhusiwa mwaka mzima. Chini yake palikuwa na kivuli kama gogo. Nikalenga chini, kwa hesabu, nikaachia mshale. Nyati akaondoka salama. Gogo likaamka.

Mdomo-mamba! Mrefu kuliko mimi!

Wenzangu huiacha kamba iliyofungwa kwenye mshale ikimbie kutoka gurudumu la upinde. Mimi, kwa uangalifu, nilikuwa nimeifunga kwenye pua ya boti ili nisipoteze mshale. Kisu cha kuikata nilikiacha nyumbani; ni kitu cha hatari. Basi samaki akanivuta, mimi nimekumbatia kiti, hadi gatini, mashindano yote yakitazama.

"Karani!" akapaza Dusty. "Umemvua, au amekuvua?"

Bi Verlene, naye akiwa gatini, aliweka kahawa yake chini, akaingia majini hadi kiunoni, akachomoa mshale. Samaki alipoondoka alinipiga mkia usoni. Mimi, si Dusty!

Jumatatu, 19 Mei
Nimeeleza kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Bi Verlene ameuliza, "Mwanangu, mwezi wa kutaga, ukiona kitu usichokijua chini ya samaki wako, unafanya nini?" Nimejibu kwamba kijitabu hakisemi. Ameinamisha kichwa mezani kwa muda.

Kazi ninayo, lakini majaribio yameongezwa. Upinde umechukuliwa hadi msimu wa mdomo-mamba ufunguliwe. Na kila mteja, kabla ya kupewa leseni, lazima nimsimulie nilichofanya. Kila mteja!

Dusty amekuja mara tatu. Amedai hakusikia vizuri sehemu ya kukumbatia kiti.

Jumanne, 20 Mei
Nimetafakari kwa utulivu. Nimedhulumiwa, lakini mimi ni mtu wa sheria na sitashika upinde. Bi Verlene ametaja upinde tu. Kuhusu mkuki hakutamka neno.

Dukani kuna mmoja, wenye meno matatu.